Likizo ya Juni inanivuruga kila mwaka, na baba watoto yuko porini

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Sakina hapa Arusha. Kazi yangu ni kushona sare za shule, fremu yangu iko karibu na soko la Kilombero. Mume wangu anaendesha watalii. Nakuandikia Mei hii mvua zikiwa bado hazijakatika, kambi nyingi huko porini zimefungwa, na yeye yuko nyumbani anatengeneza banda la kuku. Nyumba imetulia. Ila mimi tumbo limeshaanza kuwaka moto, kwa sababu najua kinachokuja.

Juni ya mji wetu unaijua. Wiki ile ile shule zinapofungwa ndiyo wageni wanaanza kushuka KIA kwa wingi. Watoto wanaingia ndani, baba anatoka. Anaondoka siku saba, siku kumi, anarudi analala siku mbili, anafuliwa nguo, anaondoka tena, na mwendo ni huo huo mpaka Oktoba. Ikifika Julai, nyumbu wakiwa Mto Mara, yeye yuko Kogatende ambako simu inashika ikijisikia.

Binti yangu mkubwa yuko kidato cha pili, anasoma bweni upande wa Moshi. Wa kati, wa kiume, yuko darasa la saba, na shule yao huwabakiza la saba wiki mbili za mwanzo wa likizo kwa ajili ya mtihani wa Septemba. Mdogo yuko la pili, naye ana pumu. Nikueleze ya mwaka jana tu, ya nyuma yake nimeshayasamehe.

Shule ya binti ilibadili siku ya kufunga, badala ya Jumamosi ikawa Alhamisi. Ujumbe ulitumwa kwenye simu ya baba yake, na baba yake alikuwa Serengeti. Mimi nilidhani ni Jumamosi. Alhamisi saa 12 jioni matroni ananipigia, namba yangu kapewa na mtoto aliyeishika kichwani: mama, mwanao ndiye peke yake aliyebaki getini. Amekalia tranka lake tangu asubuhi. Shemeji yangu anayekaa Moshi alimfuata, akalala kwake. Kesho yake alipofika nyumbani nikaanza kumwomba radhi, akanijibu, "Si neno mama, nimeshazoea." Shangazi, neno hilo lilinikata kuliko angenitukana.

Ikaja safari ya Marangu kwa mama mkwe, wote watatu. Nilidhani kaka mtu amebeba dawa ya kupuliza ya mdogo, kaka mtu naye alijua iko kwenye begi la dada. Usiku wa pili, baridi ya Juni na moshi wa kuni, kifua kikabana. Mama mkwe na umri wake alitoka usiku wa manane kumgongea jirani mwenye gari. Mtoto alipona, nashukuru Mungu. Mama mkwe hajapona.

Na hilo halikuisha. Nilidhani baba yao ameshamweleza mama yake kwamba watoto watakaa siku kumi. Yeye alijua ni likizo nzima, kama zamani. Alishachagua mikungu ya ndizi, alishamlipa fundi aongeze kitanda. Nilipokwenda kuwachukua aliwafungia mizigo bila kuniangalia. Kumbe hata mizigo hatukuimaliza, daftari la kazi za likizo la huyu wa kati lilibaki Marangu, na shule zilipofunguliwa alichapwa na akanilaumu mimi.

Hela ndiyo usiseme. Mume aliacha laki tatu, nilidhani zitafika mwisho wa mwezi. Na hapo hapo wiki ya mwisho ya Juni wazazi wote wa Arusha wanakumbuka kwamba sare zimebana, wananimiminikia dukani, nashona mpaka saa 7 usiku, watoto wanakula chipsi siku tatu mfululizo. Mume akarudi akaniuliza, "Ile hela imekwenda wapi?" Mimi ni Mpare, Shangazi. Unajua utani wetu na Wachagga. Lakini siku ile haukuwa utani.

La mwisho ni dogo ila linaniuma. Kila mwaka anawaahidi watoto kwamba atawapeleka mbugani. Kila mwaka ofisi inapiga simu, kuna wageni, anaondoka. Watoto wa mtu anayeishi na tembo hawajawahi kumwona tembo.

Dada yangu wa Dar anasema niweke programu ya kupangia ratiba kwenye simu. Mume anasema mimi sijajipanga. Inawezekana ni kweli. Nifanyeje mwaka huu?

Mama wa Watatu, Sakina

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Na pole, maana ulivyoandika nimesikia hata mlio wa cherehani.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilishika kalamu nikawa napiga mstari chini ya kila "nilidhani". Ziko nne: siku ya kufunga shule, dawa ya pumu, siku za kukaa Marangu, na hela. Misiba yako yote minne ya mwaka jana imeanzia hapo. Na nina hakika mumeo akiandika barua yake atakuwa na zake nne, maana naye alidhani umeshajua, alidhani umeshampigia mama. Kwa hiyo hilo la kwamba hujajipanga nalikataa. Umejipanga sana, tatizo mpango wote umeuweka kichwani mwako, na wengine watano wanaishi kwa kukisia kilichomo.

Tuanze na binti, kwa sababu nami neno lake limenikaa.

Alikaa kwenye tranka siku nzima kwa sababu moja ndogo sana: shule ina namba ya simu ya baba. Nyumba nyingi za Arusha ziko hivyo, na Moshi pia. Siku ya kuandikisha mtoto baba ndiye amevaa koti, ndiye anajaza fomu, anaandika namba yake. Kisha baba huyo huyo kazi yake ni ya kupotea porini miezi mitano kwa mwaka. Habari zote za mtoto zinabisha hodi kwenye nyumba ambayo haina mtu. Matroni asingekupata kabisa kama mtoto asingekuwa na namba yako kichwani, na hapo nampa binti hongera zake.

Kazi yako ya kwanza basi, hata kabla ya ratiba, ni kupiga simu shule zote tatu na kuomba namba yako iongezwe, kwa mwalimu wa darasa, kwa matroni, na kwenye lile kundi la wazazi la WhatsApp. Usiombe ya baba ifutwe, iongezwe yako. Na ya mtu wa tatu, huyo shemeji wa Moshi aliye karibu na shule kuliko ninyi nyote. Mjulishe kwamba umemwandika, na uongozi wa bweni uwe na jina lake kwa maandishi kama mtu anayeruhusiwa kumchukua mtoto. Shule nzuri haitamkabidhi binti kwa mwanaume yeyote anayejiita baba mdogo, na isifanye hivyo.

Kingine kwa binti: usimwombe radhi tena. Ameshaizoea radhi pia. Mpe tarehe. Mwambie nani atakuja, siku gani, saa ngapi, na asipofika saa hiyo apigiwe nani. Mtoto wa kidato cha pili hahitaji mama asiyekosea, anahitaji kujua akiachwa getini afanye nini kabla ya jua kuzama.

Sasa ratiba.

Dada yako wa Dar namheshimu, ila programu ya simu hiyo muachie yeye mwenye intaneti saa 24. Wewe una mume ambaye Kogatende hana mtandao, mama mkwe mwenye simu ya tochi, na watoto wawili wasio na simu. Ratiba inayokaa kwenye simu yako itakuwa imehama kutoka kichwani mwako ikaingia mkobani mwako, basi. Chukua kalenda ya ukutani, zile kubwa zinazogawiwa kanisani na madukani Januari. Kama ya mwaka huu imeshafungiwa maandazi, katoni la nyuma ya friji linatosha, ulichore miraba. Lisibandikwe chumbani kwenu. Libandike pale watoto wanapopita kwenda jikoni.

Siku ya kukaa ni Mei hii hii, Jumapili mkitoka ibadani, baba akiwepo. Ndiyo maana nimefurahi umeandika sasa na si tarehe 20 Juni kama wenzako. Na akae mwenyewe na kalamu mkononi. Usimwandikie wewe halafu umwoneshe, maana atasema "sawa, sawa" huku anaangalia mpira.

Andikeni kwanza vile visivyosogezwa. Siku ya kufunga kwa kila mtoto, siku ya kufungua, zile wiki mbili za la saba. Wizara hutoa kalenda ya mihula kabla mwaka haujaanza, kwa hiyo tarehe zipo, ila ya bweni thibitisheni kwa simu kwa sababu mmeshaumwa. Halafu safari za baba. Hapa atakuambia, "Kazi yetu haina ratiba, simu ikilia naondoka." Nusu ya hiyo ni kweli. Nusu nyingine mimi siikubali, maana mgeni anayetoka Ujerumani kuja kuona nyumbu wakivuka mto hakununua tiketi ya ndege juzi. Wengi wamelipia miezi mingi nyuma, na ofisini kuna mtu ana orodha. Mumeo aende amwulize huyo mtu wa ratiba: Juni na Julai nimepangiwa wapi mpaka sasa? Yaliyothibitishwa yaandikwe kwa kalamu ya wino, yasiyo na uhakika kwa penseli. Simu ya ghafla ikija, mtafuta penseli, wino utabaki.

Na wewe uko wapi kwenye kalenda hiyo?

Nauliza kwa sababu katika barua nzima umeandika kazi za watu wote, na yako umeitaja kama vile ni bahati mbaya iliyokuangukia wiki ya mwisho ya Juni. Mwanangu, wazazi kukumbuka sare wiki ya mwisho ni kitu cha kila mwaka, ni cha kutegemewa kama masika. Hiyo ndiyo haisizoni yako, msimu wako wa kazi nyingi. Mumeo ana yake na nyumba nzima inaijua na inaipisha njia, yako haina hata mraba mmoja ukutani. Andika: kuanzia tarehe fulani mama yuko dukani mpaka usiku. Halafu bandika karatasi kwenye mlango wa fremu kwamba oda za kufungua shule zinapokelewa na malipo ya nusu hadi tarehe 20 Juni, baada ya hapo ni Julai katikati. Watanuna. Wawili watatu watakwenda kwa fundi wa jirani, na jirani naye atawaambia hana nafasi. Wengine wataleta watoto wao wapimwe mapema, na hao ndio unaowataka.

Ukishaona wiki hiyo ya mwisho imejaa, utajua lini watoto wawe Marangu. Mwaka jana uliwapeleka lini? Hukusema, lakini kama walirudi wakala chipsi siku tatu wakati wewe unashona, basi uliwarudisha wiki ile ile ambayo ungepaswa uwe umewapeleka. La saba anamaliza masomo katikati ya likizo. Wapande Marangu hapo, wakae hizo siku kumi au kumi na mbili, washuke siku tatu kabla ya shule kufunguliwa. Binti na mdogo wiki mbili za mwanzo watakuwa nyumbani nawe wakati dukani bado hakujachanganya. Hiyo ni hesabu yangu ya mezani, mtaipindua mnavyoona.

Ila usimpigie mama mkwe kumpa taarifa. Mpigie kumwomba. Kwa mama wa Kichagga mwenye kihamba chake, lile shamba la urithi wa ukoo, wajukuu si mzigo unaoshushwa na kupakiwa kwa saa anazotaka mkwe. Na ombi hilo alitoe mwanawe kwanza, akiwa huko huko Sakina kwenye banda la kuku, wewe umekaa pembeni unasikia: mama, tunaomba watoto waje kwako kuanzia tarehe hii hadi tarehe hii, unaonaje? Amwambie tarehe ya kurudi katika sentensi hiyo hiyo. Kilichomuumiza mwaka jana si siku kumi. Ni kitanda alichomlipa fundi. Akisema siku kumi hazitoshi, sikilizeni, labda Desemba mtampa wiki tatu, ndiyo kipindi ambacho ukoo mzima unapanda mlimani hata hivyo.

Kuhusu kumwomba msamaha wa mwaka jana, nenda na mume wako, hata kwa saa mbili, kabla ya Juni. Huna haja ya kubeba jani la sale, lile Wachagga wanaloombea msamaha mzito, hujaua mtu. Beba sukari na kitenge ulichokishona mwenyewe, kwa vipimo vyake. Mwambie, mama, uliamka usiku ukamwokoa mwanangu na mimi sikukushukuru vya kutosha. Kisha nyamaza. Akikusema, msikilize, ukifika Himo kwenye gari utasonya.

Siku hiyo hiyo ya kwenda, chukua dawa ya pumu ukamfundishe. Namaanisha ashike mwenyewe, atikise, abonyeze, aone mtoto anavyovuta. Kabla ya hapo rudi hospitali mnakotibiwa, eleza kwamba mtoto anakwenda kukaa kwenye baridi na moshi wa kuni, uliza kama inafaa awe na dawa mbili, moja ya kutembea nayo na moja ya akiba. Wakikubali, ya kutembea ikae kwenye begi la mtoto mwenyewe, mgongoni kwake, si la kaka wala la dada. Yuko la pili, anaweza kuulizwa "dawa iko wapi?" akaonesha. Ya akiba abaki nayo bibi. Mwombe pia alale chumba kisichoungana na jiko, na asubuhi asikae kwenye mafiga kuota moto, japo najua hiyo ndiyo raha yenyewe ya Marangu. Kadi ya bima na karatasi ya kliniki viende naye. Namba za simu ziandikwe kwenye kipande cha karatasi na kuwekwa mfukoni kwa kila mtoto, maana simu ya bibi ikizima chaji, namba zote zinazima nayo.

Kwenye vitu vya kubeba sitakuandikia orodha, una akili zako. Nitakuambia kanuni ya mama yangu tu: kilichokwenda kiandikwe na mwenye nacho, na karatasi hiyo ibandikwe ndani ya kifuniko cha begi. Siku ya kurudi mtoto anafungua begi, anasoma, anakusanya. Kama daftari la likizo limeandikwa na huyu wa darasa la saba kwa mkono wake mwenyewe, likibaki Marangu tena akichapwa ni yeye na mwalimu wake, wewe hutajwi. (Huko kuchapwa nako sikupendi, lakini hiyo ni barua nyingine.)

Hukusema mwaka jana walisafiri na nani. Kutoka Arusha hadi Moshi ni kilomita 80 hivi, unaweza kujidanganya kwamba binti anatosha kuwaongoza wadogo zake. Njia si tatizo. Tatizo ni kubadili gari stendi ya Moshi, na watoto watatu wenye mabegi na wapiga debe wanne wanaovuta begi kila mmoja upande wake. Awepo mtu mzima hadi Marangu Mtoni. Kama wewe huwezi kufunga duka, shemeji awapokee stendi, na aliyewapandisha Arusha ampigie kumpa namba za gari.

Na hapa nicheke kidogo, kwa gharama yangu. Mwaka mmoja tulikuwa tunakwenda Dar na wanangu, nami ndiye mwenye mipango, nimeandika kila kitu. Tiketi ilisema 06:00. Nikabandika ukutani: safari saa 6. Marehemu mume wangu akaamka vizuri, akanywa chai, akapiga pasi suruali, tukafika stendi saa 5 na nusu asubuhi tunajisifu kwa kuwahi. Basi lilikuwa limeshaondoka saa 12 alfajiri na wakati huo huenda lilikuwa limeshapita Korogwe. Nauli ya watu watano ilikwenda na maji. Kwa hiyo kwenye kalenda yako kila saa iandikwe kwa Kiswahili, na neno asubuhi, mchana au usiku mbele yake. Mumeo ndiye atakuwa mgonjwa wa hili kuliko wote, maana kutwa anazungumza saa za wazungu.

Hela sasa. Mpare, mnaotaniwa kwa kubana hela, kuulizwa imekwenda wapi! Mimi ningemletea risiti za tangu tumeoana.

Lakini mwelewe pia. Kazi yake hela inakuja mwisho wa safari, wageni wakishuka wanatoa tipu, ndipo anakuwa mtu. Juni mwanzoni ametoka kukaa bila safari tangu masika yaanze, hana kitu, na huo ndio wakati wewe unaanza kutumia. Laki tatu aliyoacha huenda ndiyo yote aliyokuwa nayo. Kosa lenu ni kuipa hela hiyo kazi zote: chakula, nauli, dawa, zawadi za bibi, kurudi bweni. Jumapili hiyo mkikaa, andikeni kila safari na gharama yake kwenye mraba wake wa kalenda. Mtaona wenyewe kwamba sehemu kubwa ya hela inahitajika siku mbili tatu tu: siku ya kupanda Marangu na wiki ya kufungua shule. Ya Marangu itengwe sasa, kwenye bahasha, hata kama ni kwa kukopa kidogo kikoba chako. Ya kufungua shule itatoka kwenye tipu za safari yake ya kwanza na ya pili, na akirudi kila safari akae mezani aweke fungu lake kabla hajakwenda kumwona fundi wa gari. Malipo ya nusu ya sare uliyochukua mapema nayo yatakuwa yameshaingia. Usiyatie jikoni yote. Hayo ni vitambaa.

Nimalizie na tembo, ambao umesema ni jambo dogo. Si dogo, na ndilo rahisi kuliko yote.

Acheni kuwaahidi watoto mbuga mwezi Juni. Juni na Julai baba ni wa wageni, na ahadi hiyo haijawahi kutimia. Kuna likizo fupi karibu na Aprili, ambayo huangukia kwenye masika, wakati yeye yuko nyumbani anapigilia misumari. Mwakani iandikeni hiyo. Kwa mwaka huu bado mna Mei: Jumamosi moja, hifadhi ya Arusha, mnapita Usa River mnaingia kwa geti la Ngongongare, jioni mko Sakina mnakula. Binti yuko bweni, najua, atakasirika, basi mwekeni siku ya pili baba akirudi kati ya safari, kwa penseli. Mtanzania kiingilio chake ni kidogo sana ukilinganisha na cha mgeni, bebeni vitambulisho vya NIDA, na malipo getini si ya pesa taslimu. Simba kule hakuna, msiwadanganye. Twiga wapo wengi, nyati, mbega weusi kwa weupe, na heroe kwenye maziwa ya Momella. Tembo wapo lakini hujificha msituni, inategemea bahati. Mkiwakosa, dereva mnaye ndani ya gari, awaeleze alikowaacha wale wa Tarangire. Watoto hawajawahi kumsikia baba yao akifanya kazi yake.

Kabla ya yote hayo piga simu kwa matroni, kesho saa 4 asubuhi watoto wakiwa darasani. Na umtume huyo wa kati dukani akanunue kalamu ya wino na penseli mbili. Penseli ya kwanza ataipoteza.